Nilivyonenepa kwa Makato

Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Maguu. Mvua tangu alfajiri, ile ya kimya isiyo na radi, inayolowesha mpaka kiberiti kilichoko mfukoni.

Mikono yangu ina malengelenge saba. Nimeyahesabu kanisani wakati wa mahubiri: manne kulia, matatu kushoto. Naandika kwa kidole kimoja, maana ndicho pekee kilichosalimika jana.

Niseme mapema kabla sijabadili mawazo.

Kwa miezi minane nimemdanganya mke wangu kuhusu mshahara wangu.

Wanaume wengine mtasema hilo nalo ni jambo la kuandika? Sawa. Lakini kuna mmoja wenu amedanganya mpaka watu kumi na tisa wakaja shambani kwake na majembe kumwonea huruma? Basi tulieni.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye masijala ya ofisi moja ya serikali Mbinga mjini. Kazi yangu ni mafaili. Barua ikiingia naipiga muhuri, ikitoka naipiga muhuri. Nilizaliwa Lipingo, kule chini ziwani, nikaoa huku juu kwa Wamatengo, na hapa Maguu ndipo ilipo nyumba yetu na kahawa. Jumatatu mpaka Ijumaa nalala chumba cha kupanga mjini, Ijumaa jioni napanda huku. Mke wangu, Mama Osmunda, analima. Osmunda ni binti yetu, yuko chuo cha afya mwaka wa mwisho, na ndiye aliyenifungulia blogu hii akisema baba, uwe unaandika, acha kuongea peke yako jikoni.

Uongo wenyewe haukuanza kama uongo. Hilo naomba lihesabiwe upande wangu.

Mei Mosi ya mwaka jana Mama Osmunda alikuwa anapalilia kahawa, redio yake ndogo ameining'iniza kwenye tawi. Akasikia mishahara inapandishwa kuanzia mwezi wa saba. Nilipofika nyumbani nikakuta amechinja kuku.

Mimi badala ya kula kuku na kunyamaza, nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha kwamba nafanya kazi ofisini. Nikamwambia asifurahi haraka. Nikaokota kijiti, nikachora ngazi pale uani. Nikamweleza kwamba kodi ya mshahara ina madaraja, na ukiongezwa ukavuka daraja, basi mshahara wako wote unahamia kwenye kodi ya juu, kwa hiyo nyongeza inaweza kukuacha na kidogo kuliko mwanzo. Haya niliyasikia kwa dereva wetu wa ofisi, ambaye anajua kila kitu isipokuwa barabara.

Nilikuwa naamini. Kweli kabisa nilikuwa naamini.

Mama Osmunda aliiangalia ile ngazi muda mrefu. Mkulima wa kahawa ukimwambia kuna makato hashangai, anauliza tu ni ya nini. Akasema, "Kwa hiyo wanakuongeza ili wakupunguze." Nikasema ndiyo, uchumi ndivyo ulivyo. Kuku akaliwa kama tuko msibani.

Mwezi wa saba ukafika. Siku hizi slipu ya mshahara haiji kwa karatasi, unaingia mwenyewe mtandaoni kwa namba yako ya siri. Nikaingia. Mwezi wa sita nilikuwa nimepokea mkononi laki nne, thelathini na tatu elfu na mia sita. Sasa naona laki nne, tisini na tano elfu na mia nane. Nikatoka, nikaingia tena. Vilevile.

Nikadhani wamekosea, na hela ya serikali ikikosewa huwa inarudi kukutafuta. Nikaenda kwa Bi Zuhura, mhasibu wetu, mtu wa Tanga, mama mpole aliyekaa Mbinga miaka sita na bado anavaa sweta mbili. Nikamnong'oneza. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Kaka," akasema, "si ninyi mnalima ngoro, yale mashimo ya mlimani? Mvua ikinyesha, shimo la juu linajaa kwanza. Kinachozidi ndicho kinachomwagikia la chini yake. Kodi ni hivyo hivyo. Kiwango kikubwa kinakula kile kilichozidi tu. Cha mwanzo hakiguswi."

Akanionyesha kwenye mgongo wa bahasha. Fungu la kwanza la mshahara halikatwi kodi kabisa. Linalofuata linakatwa kidogo. Katika hela yangu yote, ni elfu thelathini na kitu tu ndizo zilizovuka mstari na kukatwa sana. Nyongeza yangu ilikuwa elfu themanini. Kodi ikachukua chake, mfuko wa pensheni chake, bima chake, chama cha wafanyakazi chake, na bado imebaki elfu sitini na mbili na mia mbili kila mwezi.

Nimeishi mlimani miaka ishirini na tatu, ikabidi mtu wa Tanga anifundishe ngoro.

Mtu mwema angefanya nini? Angepanda Maguu Ijumaa ile, achore mashimo pale pale alipochora ngazi, aseme mke wangu, nilikosea.

Mimi nilishuka stendi.

Nyuma ya stendi kuna mama mmoja wa Lipingo, wa kwetu kabisa, anayepandisha samaki kutoka ziwani kila Ijumaa. Mbasa. Kama hujala mbasa wa Ziwa Nyasa aliyechomwa kwa mkaa, akakaa na ugali wa muhogo, sina namna ya kukueleza, na kama umekula sina haja. Maharage ya Wamatengo ni mazuri, sisemi vibaya, wakwe zangu wanasoma hapa. Lakini mtoto wa ziwani ana mahali tumboni ambapo maharage hayafiki.

Elfu kumi na mbili, samaki mzima, kichwa mpaka mkia. Nikasema leo tu. Nikifika nyumbani nitamweleza.

Nilipofika, Mama Osmunda akanipokea mkoba, akauliza kwa sauti ya pole kabisa, "Wamekupunguza sana?"

Nikasema, "Kiasi."

Neno moja tu. Hapo ndipo uongo ulipoanza.

Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa. Ijumaa nne ni elfu arobaini na nane, soda na pilipili vinamaliza iliyobaki. Ile nyongeza nzima nikaipangia kazi, na mshahara uliobaki nikawa naupeleka nyumbani kama zamani, nikijiona muungwana kwamba angalau sipunguzi.

Tatizo la uongo ni kwamba unataka kulishwa. Mwezi wa tisa nikasema bima imepanda. Mwezi wa kumi na moja akaniuliza mbona hali haibadiliki, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema kuna makato mapya ya mafaili. Makato ya mafaili! Eti faili likichakaa mikononi mwako unalilipia. Akawaza kidogo, akauliza, "Na kama lilishachakaa kabla hujapewa?"

Nikasema unalipia nusu.

Akanihurumia. Akaanza kunichemshia mayai ya kwenda nayo mjini, sita kila Jumatatu, nisilale njaa. Niliyala pia.

Nikanenepa. Suruali zangu zimeenda kwa fundi mara mbili. Mama Osmunda alipoona tumbo linatangulia mlangoni, hakufikiria samaki. Alifikiria ugonjwa. Akasema mawazo ya makato yananivimbisha, akanichemshia majani ya mpera, nikayanywa kikombe kizima huku nikiangalia pembeni. Nadhani katika wilaya nzima ni mimi peke yangu niliyenenepa kwa makato.

Mikono nilikuwa naosha kwa ndimu kabla ya kupanda gari. Miezi minane nimerudi nyumbani nanukia ndimu, na mke wangu akajua mume wake ana mafua yasiyopona.

Kwaresima ilipoanza nikapata utetezi mpya. Ijumaa za Kwaresima sisi Wakatoliki hatuli nyama, samaki ruksa. Basi nikajiambia mimi nafunga. Mwaka huu Ramadhani nayo imeangukia humo humo. Bi Zuhura amefunga, dereva amefunga, na mimi niko nyuma ya stendi nimefunga na mbasa wa kilo nzima.

Sasa jana.

Jumuiya yetu ya kanisa hukutana Jumatano, siku ambayo mimi niko mjini. Jumatano iliyopita Mama Osmunda aliomba wamwombee Baba Osmunda kwa ajili ya makato. Wakaomba. Halafu wakaona sala peke yake haitoshi, wakapanga ngokela. Ngokela ni pale majirani wanapokusanyika kumlimia mwenzao siku nzima, na mwenye shamba anatoa togwa na chakula. Kawaida ni zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Lakini hii ilikuwa ya msaada, kama anavyolimiwa mjane au mgonjwa.

Nilipotoka nje Jumamosi asubuhi nikawakuta ukingoni mwa shamba. Watu kumi na tisa. Wanaume wamebeba nyengo za kukatia majani, wanawake majembe. Mbele yao amesimama Bibi Kapinga, shangazi wa mke wangu, miaka sabini na kitu, jembe begani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Pole na serikali."

Nikasema nimeshapoa. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, akafika tumboni akasimama hapo.

"Wanakukata wapi hasa?" akauliza. "Maana huku mbele bado hawajafika."

Shamba zima likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikachukua nyengo nikaingia kwenye majani.

Ngoro inaanza hivyo: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba, halafu wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mimi nilifyeka kama mtu anayefukuzwa. Kila nikinyanyua kichwa namwona mtu mwingine ananihurumia. Mzee mmoja akaniambia nipumzike, nisije nikaanguka, mafaili yatasubiri. Hapo nikajua hata makato ya mafaili yamefika kwenye jumuiya.

Wakati wa togwa Mama Osmunda akaniita pembeni, kwenye kahawa ya nyuma ya nyumba, ile miche aliyopanda marehemu baba yake. Akashika tawi moja. Punje bado za kijani.

"Nimeongea na yule mtu wa magoma," akasema. "Jumatatu anakuja kuhesabu miche."

Wa huku wameshaelewa. Kwa wengine: mtu wa magoma anakupa hela leo, wakati wa njaa, kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Mavuno yakifika anaichukua yote kwa bei ya kutupa. Serikali inakataza, na bado wanakuja, wanazunguka na daftari. Mama Osmunda katika maisha yake yote hajawahi kuuza hata tawi moja kwa magoma. Baba yake alikuwa akiwafukuza kwa mbwa.

Nikamuuliza kwa nini. Ada ya Osmunda, akasema. Imebaki laki nne na elfu ishirini, na isipokamilika kabla ya mwisho wa mwezi wa nne, mtoto hafanyi mtihani wa mwisho.

Nikalishika lile tawi na mimi. Akadhani nimeumia, akanishika bega.

"Usijali," akasema. "Ungekuwa nayo ungetoa. Najua."

Mara nane sitini na mbili elfu na mia mbili ni laki nne, tisini na saba elfu na mia sita. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama pale, na kichwa changu hakijawahi kupiga hesabu haraka namna ile. Ada nzima nimeila, na chenji nimeinywea soda.

Pale ndipo ningesema. Lakini watu kumi na tisa walikuwa hatua ishirini kutoka pale, na kikombe cha togwa mkononi mwa kila mmoja. Nikasema, "Ngoja nikamalizie ule mstari." Nikarudi kwenye nyengo. Malengelenge ndiyo hayo.

Leo asubuhi nikawahi kanisani kabla ya misa, nikaingia kwa padre kuungama. Nikamweleza yote, ngazi, slipu, mbasa, ndimu, mafaili.

"Mkeo anajua?"

Nikasema hapana, baba.

"Hiyo slipu unayo?"

Nikasema iko kwenye simu.

"Kitubio chako hicho. Kamsomee. Kuanzia juu mpaka chini."

Nikamwomba anipe rozari, hata kumi. Nikasikia anafunga kidirisha.

Hapa nyumbani mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye kona ya banda la nguruwe. Nguruwe wetu anaitwa Mstaafu, kwa sababu anakula kila mwezi na hana kazi anayofanya. Nimemlea tangu mwaka jana kwa ajili ya Pasaka, nimeshawaahidi nusu ya kijiji nyama yake. Basi pale ndipo nilipomwita Mama Osmunda baada ya misa, kwenye mvua. Akaja na mwavuli, akajua namwonyesha picha ya Osmunda.

Nikasoma. Mshahara kabla ya makato, laki tano na themanini. Pensheni. Akauliza hii utarudishiwa lini, nikasema uzeeni. Bima. Chama. Kodi. Alisikiliza kila mstari vizuri, kama anavyosikiliza makarani wa ushirika siku ya malipo ya kahawa. Nikafika chini. Mkononi, laki nne, tisini na tano elfu na mia nane.

Mvua inanyesha. Mstaafu anatafuna.

"Makato ya mafaili yako wapi?" akauliza.

"Hayapo."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Nikamweleza mengine. Nilijiandaa kwa kelele, hata nilikuwa nimeangalia pa kukimbilia. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unakula na nani?"

Nikasema peke yangu. Nilidhani hilo litanisaidia, kwamba hakuna mwanamke. Nikaona uso wake unabadilika, na haukubadilika upande niliotegemea.

"Miezi minane," akasema. "Hukuniletea hata mkia."

Nilikuwa na majibu. Kwamba yeye siku zote anasema samaki wa ziwani wananuka. Kwamba safari ni ndefu, anaharibika. Lakini nikakumbuka mayai. Sita kila Jumatatu, ameyafunga kwa kitambaa, na mengine yeye mwenyewe hakuyala ili mimi nisilale njaa.

Kisha akageuka akamwangalia Mstaafu.

"Huyu anauzwa."

Nikasema Pasaka je. Akasema Pasaka tutakula maharage, na mimi nitayasifia. Mstaafu ni laki tatu, kuna mtu alishatutajia bei hiyo. Ile elfu sitini na mbili na mia mbili ya mwezi huu na ya mwezi ujao ni laki moja, ishirini na nne elfu na mia nne. Ada imetimia. Namba ya siri ya slipu nimempa, ameiandika ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, ukurasa wa Kwaresima.

Na wale watu kumi na tisa. Kila mmoja nitakwenda kumlimia siku nzima, Jumamosi moja moja, na kabla sijashika nyengo nitamweleza mwenye shamba kwa nini nimekuja. Naanza na Bibi Kapinga. Tayari nasikia atakachosema kuhusu tumbo hili.

Nikauliza mtu wa magoma nani atamwambia.

"Wewe," akasema. "Akikuuliza sababu, mwambie serikali imefuta makato ya mafaili."

Mwavuli ulikuwa umemfunika uso. Sijui kama alikuwa anacheka. Nimejaribu kuchungulia, akauteremsha zaidi.

Osmunda, mwanangu, ukisoma hapa: ada ipo, kahawa ya babu yako ipo, soma. Mengine usimwonyeshe mtu.

Mama yako yuko jikoni sasa hivi. Kabla hajaingia alisimama mlangoni, akapiga hesabu tena kwa vidole, akasema tukishalipa ada inabaki elfu nne na mia nne. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, mkia peke yake ni bei gani.

Nimekaa hapa naisikiliza mvua na sijui jibu. Kila Ijumaa nimekuwa nikichukua mzima. Yule mama wa Lipingo, hivi huwa anakata?